Sayanaidi ya maabarani: kisa cha Tylenol na kazi ya afisa uhusiano

Alhamisi, tarehe 30 Septemba 1982, simu iliita katika kitengo cha uhusiano cha kampuni ya Johnson & Johnson, mjini New Brunswick, jimbo la New Jersey, Marekani. Aliyepiga alikuwa mwandishi wa habari wa Chicago. Alisema mchunguzi wa vifo wa huko ametoka kuzungumza na waandishi, kuna watu wamekufa kwa kumeza Tylenol, dawa ya maumivu ya kampuni hiyo, yenye sumu, na akauliza kampuni ina neno gani. Kampuni haikuwa na neno. Ndiyo kwanza ilikuwa inasikia.

Nimeanzia hapo kwa makusudi. Wengi walio nje ya fani hii wanamwona afisa uhusiano kama mtu wa kupeleka habari nje. Siku ile habari iliingia ndani, na mlango ilioingilia ulikuwa wa uhusiano. Aliyeshika simu alitakiwa kufanya mambo mawili kwa mpigo: kumjibu mwandishi bila kubahatisha, na kwenda juu kuwaambia wakubwa jambo ambalo hakuna aliyetaka kulisikia. Vijana wanaoniuliza kazi hii inataka kipaji gani hutarajia nitaje ufasaha wa kusema, sura ya kamera, au kujua watu wengi mjini. Hivyo vinasaidia. Lakini nikitazama nyuma, waliodumu katika kazi hii ni wale wa hilo jambo la pili: waliothubutu kubeba habari mbaya kutoka mlangoni mpaka mezani kwa bosi, ikafika bila kupunguzwa.

Kisa cha Tylenol kinafundishwa katika vyuo vya uhusiano duniani kote kama mfano wa kampuni iliyofanya kila kitu sawasawa. Nakiheshimu, na bado nadhani kinafundishwa vibaya. Kimesuguliwa mno hadi kimekuwa ngano ya shujaa. Kuna siku zinarukwa, na kuna kosa moja linatajwa harakaharaka. Kwa mtu anayeanza kazi, mafunzo yenye faida yamo humo humo kwenye kosa na kwenye siku zinazorukwa.

Kilichotokea Chicago

Jumatano tarehe 29, msichana wa miaka 12 katika kitongoji cha Elk Grove Village aliamka na mafua, akameza kapsuli ya Tylenol, akaanguka, akafa. Siku hiyohiyo, Arlington Heights, alikufa mwanamume wa miaka 27, naye baada ya kumeza Tylenol. Ndugu walikusanyika nyumbani kwake kwa msiba, na mdogo wake pamoja na mke wa huyo mdogo, wakiwa na maumivu, wakachukua dawa kwenye chupa yake ileile. Wote wawili walipoteza maisha. Muuguzi wa afya ya jamii aliyeingia katika nyumba ile alizihesabu kapsuli zilizobaki chupani, akaona zimepungua 6, na waliomeza ni watu 3. Akasema pale pale kwamba tatizo liko ndani ya chupa. Hadi mambo yanatulia, waliokufa walikuwa 7.

Ndani ya kapsuli mlikuwa na sayanaidi ya potasiamu, sumu kali. Chupa zilikuwa zimetoka viwanda viwili tofauti, kimoja Pennsylvania na kingine Texas, lakini vifo vyote vilitokea Chicago na vitongoji vyake. Kwa hiyo wapelelezi wakaona kwamba sumu haikutiwa kiwandani. Mtu alichukua chupa madukani, akazifungua kapsuli, akazijaza sumu, akazirudisha rafuni. Mpaka leo hakuna aliyehukumiwa kwa mauaji hayo.

Tylenol ni parasetamoli, dawa ileile ambayo sisi tunaiita Panadol hata kama pakiti imeandikwa jina lingine. Kabla ya siku ile ilishika zaidi ya theluthi moja ya soko la Marekani la dawa za maumivu zinazouzwa bila cheti cha daktari. Ndani ya wiki chache ilishuka chini ya asilimia 10. Polisi walipita mitaani na vipaza sauti wakiwaambia watu wasimeze. Meya wa Chicago, Jane Byrne, akaamuru iondolewe madukani.

Msomaji wa huku asidhani ni mambo ya mbali. Aprili 2024 mamlaka ya dawa ya Nigeria ilitangaza kwamba imekuta kemikali ya sumu katika toleo moja la dawa ya kikohozi ya watoto, Benylin, iliyotengenezwa Afrika Kusini mwaka 2021 wakati chapa hiyo ikiwa bado ya Johnson & Johnson. Kenya, Rwanda na Tanzania nazo zikaagiza toleo hilo liondolewe madukani. Kampuni ya Kenvue, iliyokwisha kuirithi chapa hiyo, ilisema vipimo vyake havikuona sumu hiyo. Siku zile makundi ya WhatsApp ya wazazi yalijaa picha za chupa, namba za matoleo na sauti za watu wenye hofu, na kila duka la dawa lilikuwa na mama aliyeshika chupa mkononi akiuliza. Kila afisa uhusiano wa hospitali, wa duka la dawa, wa msambazaji, alihitaji jibu siku hiyo hiyo.

Siku sita

Ngano inasema: kampuni ilisikia, ikaondoa dawa nchi nzima papo hapo. Haikuwa hivyo. Tarehe 30 Septemba zilirudishwa kwanza chupa za toleo moja, namba MC2880, zipatazo 93,000. Likafuata toleo la pili. Agizo la kuondoa kapsuli zote Marekani nzima, chupa kama milioni 31 zenye thamani ya zaidi ya dola milioni 100, lilitoka tarehe 5 Oktoba. Kati ya simu ile na agizo hilo zilipita siku kadhaa za kubishana, kupima na kushauriana. Mwenyekiti wa kampuni, James Burke, alizungumza na Idara ya Upelelezi ya FBI na mamlaka ya dawa ya FDA, na huko kulikuwa na shaka: wangeondoa dawa nchi nzima, mhalifu angejiona ameshinda, na wengine wangeiga. Kisha ikatokea California kwamba kapsuli nyingine zimetiwa sumu aina ya strikinini. Hapo ubishi ukaisha.

Kwa nini nakazania siku hizo? Kwa sababu kijana aliyefundishwa ngano, siku yake ikifika, ataona wakubwa wake wanasitasita, na atadhani yuko mahali pabaya kuliko pengine pote. Atakata tamaa, au atakaa kimya akisubiri uamuzi mkubwa. Kusitasita kupo kila mahali. Cha kutazama ni kile kilichofanyika wakati uamuzi mkubwa haujafika. Matangazo yote ya Tylenol yalisimamishwa. Umma uliambiwa usimeze kapsuli hizo mpaka ijulikane. Simu ya bure ilifunguliwa kwa wateja, na baadaye nyingine kwa waandishi wa habari, ikiwa na taarifa ya sauti inayosasishwa kila siku. Barua za haraka kama 450,000 zilikwenda kwa madaktari, hospitali na wasambazaji. Mambo hayo hayakungoja kikao cha mwisho. Nayo ni kazi za kitengo cha uhusiano hasa: haziuzi kitu, hazimsifu mtu, zinamwambia muuguzi wa zamu ya usiku afanye nini na chupa iliyoko kabatini.

Burke aliunda kamati ya watu 7, na mmoja wao alikuwa Lawrence Foster, makamu wa rais wa uhusiano. Naomba hapo pasomwe polepole. Foster hakuitwa saa kumi na moja jioni, maamuzi yameisha, akapewa karatasi aambiwe "itengenezee lugha". Alikuwa mezani maswali yalipokuwa yanaulizwa, na swali lililowekwa mbele lilikuwa la kuwalinda watu. La kuiokoa dawa likaja baadaye. Nimefanya kazi mahali ambapo afisa uhusiano huitwa mwisho, na najua matokeo yake: unaandika sentensi nzuri kuhusu uamuzi ambao, ungeulizwa asubuhi, ungesema wazi kwamba hakuna sentensi itakayoutetea.

Kiti kile hakipatikani siku ya msiba. Foster alikuwa ndani ya kampuni miaka mingi, na Burke mwenyewe, mwishoni mwa miaka ya 1970, alikuwa amewaita mameneja wake vikao vya kuijadili hati ya kampuni ya ukurasa mmoja iliyoandikwa na Robert Wood Johnson mwaka 1943, hati inayosema wajibu wa kwanza wa kampuni ni kwa madaktari, wauguzi, wagonjwa, na akina mama na baba wanaotumia bidhaa zake. Wanahisa wametajwa mwisho. Aliwaambia kama hatuiamini, tuibandue ukutani. Walibishana. Kwa hiyo 1982 ilipofika, watu wa meza ile walikuwa wamekwisha kubishana juu ya nani anatangulia, wakati hapakuwa na maiti. Ukiajiriwa mahali, tafuta karatasi kama hiyo, kisha uliza watu wa chini kama wanaijua. Mkataba wa huduma kwa mteja uliotundikwa mapokezi, kwenye fremu yenye vumbi, una kazi kubwa kuliko tunavyoupa.

Chupa ya maabara

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike.

Katika saa za mwanzo waandishi waliuliza swali ambalo yeyote angeuliza: je, kuna sayanaidi katika viwanda vyenu? Kitengo cha uhusiano kikajibu hakuna. Jibu lilitolewa kwa nia njema. Ndivyo walivyoambiwa, ndivyo walivyoamini. Lakini haikuwa kweli. Ilikuja kufahamika kwamba kiasi kidogo cha sayanaidi kilikuwa kikitumika kiwandani katika kupima ubora. Hakikuwa na uhusiano wowote na vifo. Hakuna njia ambayo kingefika kwenye mstari wa uzalishaji. Lakini kilikuwepo, na kampuni ilikuwa imesema hakipo.

Jiweke pale. Watu wamekufa kwa sayanaidi ndani ya dawa yako. Umetangazia taifa zima kwamba huna sayanaidi. Sasa unajua unayo. Ukisema, kila gazeti litaandika "yakutwa na sayanaidi" na msomaji hatafika aya ya tano inayoeleza kwamba ni ya maabara. Usiposema, huenda isijulikane kamwe.

Waandishi walipolifuatilia, kampuni ilikiri na kujisahihisha ndani ya siku chache. Habari mbaya ziliandikwa, ndiyo. Na bado naamini kwamba imani ambayo waandishi waliendelea kuipa kampuni ile wiki zilizofuata ilijengwa pale zaidi ya kwenye chupa milioni 31. Kuondoa chupa kulikuwa kwa gharama kubwa, lakini kampuni ilikuwa imedhulumiwa na mtu wa nje, na aliyedhulumiwa huonewa huruma. Kwenye suala la maabara kampuni haikuwa imedhulumiwa na mtu. Ilikuwa imekosea yenyewe.

Mimi niliwahi kushika chupa ya namna hiyo, na sikuishika vizuri. Nilikuwa mwaka wangu wa tatu kazini, katika taasisi ya huduma ambayo sitaitaja. Wateja wa eneo moja walilalamika kwamba maji yana harufu. Mwandishi mmoja wa gazeti, kijana tuliyeheshimiana, akanipigia saa nne asubuhi. Nikamfuata meneja wa ufundi ofisini kwake. Alikuwa na wageni. Akanijibu akiwa mlangoni, "Hakuna tatizo, dada, waandikie hakuna tatizo." Nikaandika: "Tunapenda kuutaarifu umma kuwa maji yote yanayosambazwa ni safi na salama, na taarifa zinazosambaa hazina ukweli wowote." Nikapiga muhuri. Nikatuma.

Kesho yake asubuhi nilikuwa napita karakana, fundi mmoja mtu mzima ananiita pembeni. "Mwanangu, kwani hawakukwambia? Juzi usiku tulifungua laini ya zamani, ile ya bondeni. Tulikuwa hatujaisafisha." Alikuwa na grisi mikononi, anazipangusa kwenye kitambaa huku ananitazama kwa huruma. Nilijua wakati uleule kwamba taarifa yangu ni uongo. Nikapanda juu. Nikaambiwa tusubiri vipimo. Nikasubiri. Zilipita siku nne, na hatimaye tukaweka aya moja, mwishoni mwa taarifa kuhusu ratiba ya malipo, tukisema "hali imerekebishwa". Yule mwandishi alinipigia mara ya mwisho. Hakufoka. Alisema, "Dada, taasisi sikuwahi kuiamini. Nilikuamini wewe." Ilichukua zaidi ya mwaka kabla hajapokea tena simu yangu.

Sikuwa nimedanganya kwa kutaka. Kitengo cha Foster nacho hakikudanganya kwa kutaka. Tofauti yetu ni siku zile nne na aya ile ya mwisho.

Tangu hapo nina mazoea ambayo nimewapa kila kijana aliyepita chini yangu. La kwanza, jibu la mlangoni sio jibu. Ninapouliza wataalamu, swali langu ni "wewe mwenyewe umeliona, au umeambiwa?" na kama ameambiwa, namfuata aliyemwambia, hata kama ni mtu wa stoo au mlinzi wa zamu. Afisa uhusiano anayewajua wakurugenzi wote na hamjui mtunza stoo amejijengea nyumba ya upande mmoja. Ukipata kazi mpya, wiki mbili za mwanzo vaa viatu vya kutembelea. Tazama mashine, uliza kila dumu lina nini na funguo ziko kwa nani. Laiti mtu wa kitengo kile cha New Jersey angewahi kutembezwa maabara ya kupima ubora, swali la sayanaidi angelijibu kwa usahihi siku ya kwanza.

La pili ni namna ya kuandika. Chukua ile taarifa yangu ya maji uitazame vizuri. "Yote." "Salama." "Hazina ukweli wowote." Hayo ni maneno ya mtu aliyepima kila bomba, na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni kwa dakika moja. Leo ningeandika hivi: "Hadi saa 6 mchana wa leo tumepokea malalamiko ya harufu kutoka wateja wa mitaa hii mitatu. Mafundi wamechukua sampuli saa 4 asubuhi. Majibu tunayatarajia kesho saa 3. Mpaka hapo tunawashauri wakazi wa mitaa hiyo wasitumie maji ya bomba kwa kunywa. Gari la maji litasimama shuleni kuanzia saa 8. Tutatoa taarifa nyingine leo saa 11 jioni, hata kama hatutakuwa na jipya." Ina saa, ina mahali, ina la kufanya, na ina ahadi ndogo ambayo naweza kuitimiza. Haina neno ambalo fundi mwenye grisi anaweza kulipindua kesho. Bosi ataisoma na kusema inatufanya tuonekane tuna tatizo. Mjibu kwa adabu kwamba tatizo tunalo, na watu wa mitaa ile wanalinusa.

La tatu ni kujisahihisha, na hapo sina mjadala na mtu. Marekebisho yaende kwa watu walewale, kwa njia ileile, kwa ukubwa uleule, kabla hujaulizwa mara ya pili. Ukikosea kwenye redio, kasahihishe kwenye redio. Ukikosea kwa mwandishi mmoja, mpigie kabla gazeti halijaingia mtamboni: "Kaka, nilichokwambia asubuhi hakikuwa sahihi. Kilicho sahihi ni hiki." Inauma. Utaogopa kazi yako. Lakini mwandishi aliyewahi kupigiwa simu ya namna hiyo atakuamini siku utakaposema "hapana", na "hapana" inayoaminika ndiyo mali pekee uliyonayo katika kazi hii.

Ndiyo maana sipendi tunavyoulea uhusiano na waandishi kwa bahasha. Nauli ya kuja mkutanoni, kwa mwandishi wa kujitegemea anayelipwa kwa habari moja moja, naielewa. Anaishi maisha magumu. Lakini nimeona vitengo vinavyodhani bahasha imenunua kitu. Imenunua uwepo wa mtu ukumbini na picha ukurasa wa ndani. Siku moto ukiwaka, mhariri hakumbuki bahasha. Anakumbuka nani alipokea simu saa tano usiku, nani alimwambia ukweli mara ya mwisho. Kitengo cha Foster kilipokea simu za waandishi zaidi ya 2,500. Hakuna bahasha za kutosha simu 2,500.

Kurudi sokoni

Hapa nitapita haraka, kwa kuwa ndipo vitabu vinapokaa muda mrefu. Tarehe 11 Novemba 1982 Burke alizungumza na waandishi wa miji 30 kwa wakati mmoja kwa njia ya setilaiti, akaonyesha kifungashio kipya chenye vizuizi vitatu: boksi lililogundishwa, utepe wa plastiki shingoni mwa chupa, na karatasi ngumu ya foili juu ya mdomo wake. Wateja walipewa kuponi za dola 2.50. Mawakala walizunguka kwa madaktari. Kampuni iliruhusu kamera za kipindi cha televisheni cha "60 Minutes" kuingia, kipindi ambacho wakubwa wengi wa kampuni wakati ule walikiogopa. Ndani ya kama mwaka mmoja sehemu kubwa ya soko ilikuwa imerudi. Mwaka 1986 mwanamke mwingine alikufa kwa Tylenol yenye sayanaidi huko New York, na safari hii kampuni iliacha kabisa kuuza kapsuli za aina hiyo madukani. Familia za Chicago zilikuwa zimeishtaki kampuni kwamba ingeweza kuona hatari mapema. Walimalizana nje ya mahakama mwaka 1991, kwa kiasi ambacho hakikutangazwa. Hilo la mwisho halimo katika mihadhara mingi, na linapaswa kuwemo. Kusema vizuri hakukufuta swali la kwa nini chupa ilifunguka kirahisi vile.

Kampuni ileile, mwaka 2009

Nilisema kwamba 1982 kampuni ilikuwa imedhulumiwa. Ikawaje kosa lilipokuwa lake?

Kampuni tanzu iliyotengeneza Tylenol, McNeil, ilikuwa na dawa nyingine ya maumivu, Motrin. Iligundulika kwamba baadhi ya vidonge vyake haviyeyuki inavyotakiwa. Hakuna aliyekufa. Kutangaza kungekuwa aibu ya siku mbili. Mwaka 2009 wakandarasi walipewa kazi ya kuzunguka maduka madogo, yakiwemo ya vituo vya mafuta, na kuzinunua pakiti zote walizozikuta. Maelekezo yao yaliandikwa: wajifanye wateja wa kawaida, na wasitaje kwamba dawa inaondolewa sokoni.

Hebu mfikirie muuza duka, usiku, katika kituo cha mafuta. Anaingia mtu, anabeba pakiti zote za Motrin, analipa, anaondoka. Muuza duka anamwona mteja mzuri. Aliyenunua pakiti moja jana yake, iko kwenye mkoba wake, hakuambiwa kitu.

Nimeyasoma maelekezo yale nikijiuliza kama mtu wa uhusiano. Kwa kitengo chochote kinachojiheshimu, ile sentensi ya "wasitaje" ingetosha kukisimamisha kikao. Huna haja ya kujua famasia. Ukiona mpango ambao sharti lake ni mtu wa kawaida asijue kinachofanyika mbele ya macho yake, unanyoosha mkono pale pale, kwa heshima, na kuuliza: mwandishi akiipata karatasi hii, nani kati yetu atamjibu? Kijana atasema, "Lakini mimi ni mdogo pale, nitafukuzwa." Nakubali kuna mahali utafukuzwa. Kwa hiyo andika. Barua pepe fupi, isiyo na hasira, yenye tarehe: nimeshauri hivi kwa sababu hizi. Imewahi kuniokoa mara mbili, na mara moja iliwaokoa walionikatalia, maana waliisoma tena usiku wakabadili mawazo.

Karatasi ilipatikana. Mwaka 2010 kamati ya Bunge la Marekani ikaanza kuuliza, jambo likapewa jina la uondoaji wa kificho, na kiwanda cha Fort Washington, Pennsylvania, kimoja cha viwanda vya Tylenol vya miaka ile, kilikuwa kimefungwa Aprili kwa sababu ya matatizo mengine ya ubora yaliyogusa hata dawa za watoto. Watu waliokuwa wakisifu kampuni hii madarasani kwa karibu miaka 30 walilazimika kuongeza ukurasa.

Mkuu wa kampuni wakati huo, William Weldon, aliketi mbele ya wabunge na kukiri kwamba suala la Motrin halikushughulikiwa inavyopaswa. Ilikuwa tarehe 30 Septemba 2010, miaka 28 kamili tangu ile simu ya Chicago.